Mtoto Anayeharisha: Kwa Nini Maji ya Chumvichumvi Yapimwe Sawasawa



Karibu kila mama na kila baba katika parokia zetu amekwisha kusikia zahanati agizo hili: mtoto akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi. Agizo tunalo, lakini si wengi tulioelezwa sababu yake, na jambo lisilojulikana sababu hufanywa nusu nusu. Mzazi mmoja humimina pakiti nzima katika kikombe kimoja cha maji ili dawa iwe kali. Mwingine huongeza chumvi kijiko kizima. Wa tatu humnyima mtoto maji kabisa, akidhani kwamba tumbo likikosa maji kuharisha kutakoma. Wote hao wanampenda mtoto wao, na wote wanaweza kumpoteza.

Familia zinazoishi Makanya na sehemu nyingine za tambarare chini ya milima ya Upare zina sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Huku chini ni kukavu na joto ni kali. Maji mengi hutegemea mvua inayonyesha mlimani, na wakati wa kiangazi ndoo ya maji safi hupatikana kwa taabu. Palipo na shida ya maji safi, magonjwa ya kuharisha hayakosekani, na mtoto anayeharisha kwenye joto hukauka upesi.

Sababu ya kupima maji ya chumvichumvi imo katika kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kitu hicho ni seli.

Seli ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kwamba tofali halina uhai, bali seli inaishi. Inapokea chakula, inatumia hewa, inatoa uchafu, na nyingi kati yake hugawanyika na kuzaa seli nyingine. Jina hilo lilitolewa mwaka 1665 na Mwingereza Robert Hooke, ambaye alitazama kipande cha kizibo kwa hadubini akaona vyumba vidogo vidogo. Neno lenyewe kwa asili ni la Kilatini na maana yake ni chumba kidogo. Ni kidogo kweli: seli nyekundu za damu zipatazo 130 zikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni milimita moja tu.

Katikati ya seli kuna kiini, kinachotunza maagizo yote ya kazi na ya urithi. Kukizunguka kiini kuna ute uitwao saitoplazimu. Ndani ya ute huo kuna viwanda vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo hutumia chakula na oksijeni kutengeneza nguvu. Na nje, seli yote imezungukwa na utando mwembamba ajabu. Unene wake haufikii sehemu moja ya laki moja ya milimita. Hata hivyo, uhai wetu unategemea utando huo.

Utando ni kama ndiva

Wenyeji wa Upare wanaijua ndiva, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji hukusanywa, kisha mlango hufunguliwa kwa zamu ili kila mwenye shamba apate sehemu yake. Ukingo wa ndiva ukibomoka, maji yote hupotea. Mlango usipofunguliwa, mashamba hukauka. Kwa hiyo ndiva inahitaji vyote viwili: ukingo wa kuzuia na mlango wa kupitisha.

Utando wa seli nao ni hivyo hivyo. Ukingo wake ni tabaka mbili za mafuta. Kwa kuwa mafuta na maji havichanganyikani, chumvi na sukari zilizoyeyuka katika maji haziwezi kujipenyeza hapo kwa urahisi. Katikati ya mafuta hayo kumepandwa protini nyingi, na hizo ndizo milango. Kila mlango una kitu chake. Upo wa maji, upo wa sukari, upo wa chumvi, na hakuna anayepita mlango usio wake.

Njia za kupita

Vitu hupita kwenye utando kwa njia kadhaa. Sisi tutazame tatu.

Njia ya kwanza ni kusambaa. Mama akikaanga vitunguu jikoni, harufu hufika hadi uani bila kubebwa na mtu. Imetoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Ndivyo oksijeni inavyotoka katika mapafu kuingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu kuingia katika seli. Seli haitumii nguvu yoyote.

Njia ya pili ni ya maji, nayo huitwa osmosisi. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: maji hufuata chumvi. Utando ukitenganisha maji mepesi na maji yenye chumvi au sukari nyingi, maji huvuka kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi. Mnaiona kanuni hii jikoni kila siku. Nyunyiza chumvi kwenye kachumbari, uiache kidogo, utakuta maji chini ya bakuli. Hukuongeza maji, ila chumvi imeyavuta kutoka katika seli za nyanya na vitunguu. Kinyume chake, mchicha ulionyauka ukiloweshwa katika maji safi husimama tena, kwa kuwa ndani ya seli zake kuna chumvi na sukari zinazovuta maji yaingie.

Njia ya tatu ni ya pampu. Hapa seli hutumia nguvu kusukuma kitu kutoka palipo kichache kwenda palipo kingi, kama mtu anayepandisha maji mlimani. Pampu iliyo kubwa kwa kazi ni ile ya sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayokula. Kila inapofanya kazi mara moja huitoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Kinachotokea mtoto anapoharisha

Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea maji yapatayo lita 9. Lita 2 hivi ni za chakula na vinywaji; zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Utumbo wenye afya huyarudisha karibu yote mwilini, na kinachotoka na choo ni kidogo mno.

Mtu akishikwa na kipindupindu, sumu ya vijidudu hulazimisha milango fulani ya seli za utumbo ikae wazi. Chumvi ya mwili hutoka na kumiminika ndani ya utumbo. Nanyi mmekwisha kujua kanuni: maji hufuata chumvi. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kumnyima maji hakuzuii kitu, kwa sababu maji yanayotoka si yale aliyokunywa, bali ni ya damu yake na ya seli zake.

Je, akipewa maji matupu? Maji matupu hayatoshi, maana hayarudishi chumvi iliyopotea, na pasipo chumvi ya kuyavuta utumbo huyapokea kwa shida. Akipewa maji yenye chumvi peke yake pia haisaidii sana, kwa kuwa njia za kawaida za kupokea chumvi zimedhoofishwa na ugonjwa.

Lakini uko mlango mmoja ambao sumu ya kipindupindu haiuharibu. Ni mlango wa pamoja wa sodiamu na glukosi, yaani ile sukari ndogo inayopatikana sukari ya kawaida inapomeng'enywa. Mlango huu haumpitishi mmoja bila mwenzake. Sodiamu 2 zikija pamoja na glukosi 1, mlango hufunguka, wote huingia, na maji huwafuata. Mtaalamu Robert Crane wa Marekani alieleza habari za mlango huu mwaka 1960. Kwa hiyo sukari iliyomo katika dawa haikuwekwa ili mtoto apende utamu. Ni sharti la mlango kufunguka.

Ushuhuda wa kazi yake

Mwaka 1968, huko Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi kwa vipimo, na haja ya dripu ikapungua sana. Mwaka 1971 vita vilisukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi ya Bongaon dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na glukosi zichanganywe na maji katika madumu, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la madaktari The Lancet la Uingereza liliandika kwamba huenda huo ndio ulikuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Tanzania nayo imepita katika majaribu hayo. Mwaka 1997 wagonjwa wa kipindupindu walizidi 40,000 nchini. Mwaka 2015 ugonjwa ulianza tena Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi. Watu wengi walipona kwa dawa hii.

Kwa nini kipimo kisizidi?

Pakiti moja imepimwa kwa lita moja ya maji. Hapo maji ya dawa huwa mepesi kidogo kuliko damu, na kwa kanuni ya osmosisi huelekea mwilini. Ukiimimina pakiti hiyo katika kikombe cha robo lita, umetengeneza maji makali mara 4. Sasa utumbo wa mtoto unakuwa kama bakuli la kachumbari: maji yanavutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuharisha kunazidi. Chumvi ikizidi katika damu, seli za ubongo nazo hunyang'anywa maji, na mtoto anaweza kupata degedege. Soda na juisi tamu hudhuru vivyo hivyo kwa sababu ya sukari nyingi. Wataalamu wenyewe waliona faida ya wepesi: mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na sukari katika pakiti, na watoto wakapungua kutapika na kuharisha.

Namna ya kuandaa na kunywesha

1. Nawa mikono kwa sabuni. Pima lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa 2 za maji za nusu lita ni lita moja kamili.
2. Mimina pakiti nzima, koroga hadi iyeyuke. Usiongeze sukari, chumvi wala kitu kingine.
3. Kama pakiti haipo, tia katika lita moja ya maji vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visiwe vya mlima. Onja kwanza. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, yamwage uanze upya. Kisha tafuta pakiti zahanati, maana ina pia potasiamu ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna.
4. Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha chai. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa zaidi anywe kadiri anavyotaka.
5. Mnyweshe taratibu kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.
6. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mama aendelee kunyonyesha. Aliyeanza kula aendelee kupewa chakula laini, maana seli za utumbo huzaliwa upya kila baada ya siku chache na zinahitaji chakula. Ulizeni pia zahanati vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kila siku, na aliye chini ya miezi 6 miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Usingoje nyumbani

Mpelekeni mtoto zahanati au hospitali mara moja mkiona macho yamebonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, analegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo kina damu. Vivyo hivyo kwa mtu yeyote, mkubwa au mdogo, mwenye choo kama maji ya mchele. Njiani endeleeni kumnywesha kama anaweza kumeza.

Katika katekisimu tulijifunza kwamba kuwanywesha wenye kiu ni mojawapo ya matendo ya huruma. Mtoto anayeharisha ndiye mwenye kiu wa kwanza katika nyumba yako. Basi katika jumuiya ndogondogo juma hili, akina mama na akina baba waonyeshane lita moja ni kiasi gani na kijiko kilichosawazishwa kinafananaje. Nunueni pia pakiti 2 mziweke nyumbani, kwa maana mtoto huanza kuharisha usiku wakati maduka yamefungwa.