Je, Wajua? Kutu Inayolinda Bunduki ya Zamani

Weusi wenye ubuluu unaouona kwenye mtutu wa bunduki kuukuu ya vita mara nyingi si rangi ya kupaka. Ni kutu. Mafundi wa karne ya 19 waliupaka mtutu dawa ya chumvi na asidi, wakauacha penye unyevu hadi ukashika kutu nyekundu, kisha wakauchemsha kwenye maji safi. Maji ya moto huigeuza kutu hiyo kuwa magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma. Vumbi lililobaki juu waliliondoa kwa brashi laini ya waya, wakaanza tena tangu mwanzo, na tena, hadi weusi ukakolea. Kutu nyekundu huvimba, hubanduka na kufyonza maji, hivyo chuma kinaendelea kuliwa chini yake. Magnetiti hushikamana na chuma na kuyapokea mafuta. Ndiyo maana bunduki ya zaidi ya miaka 100 inaweza kuwa na mtutu mzima huku msumari wa juzi umekwisha.

Ni sehemu chache za nchi yetu zilizoupima ustadi huo kwa ukali kama delta ya Rufiji. Mashariki ya kijiji cha Mchukwi ardhi inateremka hadi kwenye mikoko, ambako maji ya chumvi hupanda na kushuka kila siku na hewa yenyewe ina unyevu wa bahari. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, humo ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam na kupigana nchi kavu. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Habari ya mizinga imeandikwa sana. Bunduki ya askari wa kawaida haijapewa nafasi hiyo, ingawa ndiyo iliyobebwa mkononi na Waafrika kutoka Tanga hadi Rufiji na mbele zaidi. Vita vilipoanza, kampuni nyingi za jeshi la Wajerumani hapa zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871: mtutu wa milimita 11, risasi moja kwa kila kujaza, na baruti nyeusi. Baruti hiyo ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na zaidi ya nusu ya kinachobaki ikiungua ni yabisi. Sehemu hutoka kama wingu zito la moshi, likamwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Sehemu nyingine huganda ndani ya mtutu. Waliposhinda Tanga mwezi Novemba 1914, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokota bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, na hapo wengine wakaachana na moshi.

Moshi ulipungua, chumvi ikabaki. Fataki za risasi za enzi hizo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Katika hewa ya mikoko chumvi hiyo hunyonya maji, na mtutu huanza kuliwa kwa ndani kabla ya siku kupita. Kupaka mafuta peke yake hakusaidii, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Wanajeshi wa Kiingereza walikuwa wakimimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli, wanaukausha, ndipo wanapaka mafuta. Anayedhani maji ni adui wa chuma siku zote atashangaa kwamba dawa ya bunduki ilikuwa birika.

Mbao nayo ina elimu yake. Vitako vya bunduki hizi vilichongwa kwa mti wa mjozi na kupakwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kama maji yanavyokauka. Huvuta oksijeni kutoka hewani, molekuli zake zikaungana na kuwa kitu kigumu kiasi ndani ya vinyweleo vya mbao. Mwungano huo hutoa joto, kiasi kwamba matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja yanaweza kuwaka moto yenyewe. Fundi mwangalifu huyatandaza nje yakauke, au huyaloweka kwenye maji.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Akipata kitako kilichokwaruzika, mtu huchukua msasa, akakilainisha na kukimwagia vanishi mpaka kimetameta. Nasema waziwazi: huko ni kufuta ushahidi. Bunduki ya kijeshi imepigwa mihuri ya wakaguzi wa kiwanda, namba kwenye vipande vyake vingi, na mara nyingine alama ya kikosi kwenye bamba la kitako. Mikato na mng'ao uliotokana na shavu na kiganja cha askari ni kumbukumbu pia, na kwa askari wengi wa Kiafrika wa vita ile hakuna daftari lililoandika lolote jingine juu yao. Msasa huondoa vyote hivyo kwa dakika chache. Mbao iliyobonyea tu, isiyokatika, inaweza kuinuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, kwani nyuzi zilizobanwa hufura zikipata mvuke. Hata hilo lifanywe pale tu ambapo kubonyea kunaendelea kuipasua mbao.

Kwa chuma kilichokwisha kushika kutu nyekundu, wahifadhi wa makumbusho hutumia asidi ya tanini. Ikikutana na kutu, huifanya kuwa tanati ya chuma, utando wa buluu iliyoiva hadi weusi unaopunguza kasi ya kuliwa. Tanini hiyo imejaa ndani ya magome ya mikoko. Magome yaliyobanduliwa katika delta hii wakati wa utawala wa Kijerumani yalisafirishwa kwa meli kwenda viwanda vya kutengeneza ngozi Ulaya. Msitu uleule uliokuwa ukizila bunduki kwa chumvi na unyevu ulikuwa na dawa ya kutu katika magome yake.

Anayekuta silaha ya zamani shambani au kwenye mchanga wa mto asiisugue wala kuifungua, kwani inaweza kuwa na risasi ndani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kukaa nayo bila kibali. Aiache palepale na kuwaita polisi, na aombe wataalamu wa makumbusho waione kabla haijaharibiwa.