"Hawajambo, Ila...": Maamkizi na Upashanaji Habari kati ya Majirani wa Vijijini

1.0 Utangulizi

Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski alieleza kuwa yako mazungumzo ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu tu, wala si kupashana habari. Tangu hapo maamkizi yamekuwa yakitolewa kama mfano wa kwanza wa usemi wa namna hiyo. Mtazamo huu umejipenyeza hata katika ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni: mwanafunzi huambiwa kwamba "Habari za asubuhi?" hujibiwa "Nzuri", na somo likaishia hapo. Makala haya yanadai kwamba, kwa majirani wa vijijini Tanzania Bara, maelezo hayo ni nusu tu ya ukweli. Yanahusu hasa vijiji ambamo Kiswahili ndicho lugha ya ujirani, vikiwemo vile ambavyo katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, viliwakutanisha wakulima wa lugha mbalimbali.

2.0 Kutoka hodi hadi habari

Hodi hupigwa kabla ya watu kuonana, na kwa desturi haizidi mara tatu; asiyeitikiwa huenda zake. Akishakaribishwa, mdogo hutoa "Shikamoo" na mkubwa huitikia "Marahaba". Asili ya neno hilo imekwisha kuelezwa mara nyingi, na hapa haina uzito. Kinachofuata ndicho chenye utajiri: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za tangu juzi. Maswali haya hayaulizwi kiholela. Aliyesikia kikohozi usiku ng'ambo ya ua atauliza habari za watoto mapema kuliko za shamba, na mwenyeji atatambua kwa nini. Tazama mfano huu uliobuniwa:

— Habari za tangu juzi, mama Neema?
— Nzuri, baba Juma. Za kwako?
— Njema. Watoto hawajambo?
— Hawajambo, ila huyu mdogo ameamka na homa kidogo.
— Aa, poleni sana. Mmekwisha kumpeleka zahanati?
— Bado. Baba yake ametoka kutafuta baiskeli.
— Ya kwetu ipo. Ningoje, naileta sasa hivi.

Kimofolojia, "hawajambo" ni ufupisho wa "hawana jambo". Kwa hiyo, likichukuliwa neno kwa neno, jibu la mama huyu linajipinga: hawana jambo, isipokuwa wana jambo. Kwa kanuni ya ukweli katika mazungumzo aliyoieleza H. P. Grice mwaka 1975, sehemu yake ya kwanza ingehesabiwa kuwa ni uongo. Lakini hakuna jirani anayeisikia hivyo. "Hawajambo" humhakikishia mgeni kwamba amefika penye utulivu na anaweza kusikiliza. Taarifa yenyewe hubebwa na "ila". Anayeruka hatua ya kwanza na kuanza moja kwa moja na homa huleta hofu, kana kwamba anatangaza msiba.

Neno "kidogo" nalo halipimi homa. Linapunguza mzigo anaotwishwa msikilizaji, ili asijione amelazimishwa kusaidia. Kadhalika, kutafuta baiskeli kumetajwa kama habari tu, ombi halikutamkwa. Msikilizaji ndiye aliyeligeuza kuwa ombi na kulijibu papo hapo. Angeweza pia kusema "Mungu atasaidia" na kuaga, na mama asingekuwa amenyimwa kitu, kwa kuwa hakuomba kitu. Heshima ya wote wawili ingebaki, ingawa bila shaka jambo hilo lingekumbukwa.

Mgeni asiyeujua utaratibu huu anaweza kukosea vibaya. Mhudumu wa afya aliyehamia kijijini, akiambiwa "homa kidogo", anaweza kumwambia mama arudi kesho, ilhali jirani aliyeambiwa maneno yayo hayo aliinuka mara moja. Tofauti haiko katika msamiati, maana wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili. Iko katika kujua kwamba baada ya "hawajambo" inafaa kungoja, na kwamba swali la pili na la tatu huulizwa kwa sababu jibu la kwanza halikukusudiwa kutosheleza.

Upo pia upungufu wa kimbinu. Mtafiti anayewasha kinasa sauti baada ya salamu, kwa kuziona kuwa ni utangulizi tu, huenda akapata mazungumzo marefu kuhusu mvua na bei ya mahindi, akakosa ugonjwa na baiskeli.