Kaanga Bata Mzinga Bila Kuungua

Bata mzinga ni ndege mkubwa. Dume lililokomaa huweza kufika kilo 10 au zaidi. Ukimchinja siku ya sikukuu, nyama yake hutosha watu wa nyumbani na majirani. Ukimkaanga kwa mafuta mengi, ngozi hukauka vizuri na nyama ya ndani hubaki laini. Lakini mafuta hayo yanaweza kukuunguza. Mimi nusura nichome nyumba yangu.

Ilikuwa siku ya Krismasi. Nilichinja bata mmoja kati ya wale niliofuga. Nikajaza mafuta katika sufuria kubwa, karibu na ukingo. Nikaiweka juu ya mafiga jikoni, chini ya paa la nyasi. Bata nilimwosha, kisha nikamtumbukiza mzima mzima. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika.

Mafuta yalifoka kama maziwa yanayochemka. Yakamwagikia kuni. Moto ukapanda, na mafuta ndani ya sufuria yakawaka. Kijana wangu akaja mbio na ndoo ya maji. Bibi mmoja jirani yetu akapiga kelele, "Mjukuu wangu, weka ndoo chini!" Akachukua sinia la bati, akalisukuma kutoka upande mpaka likafunika sufuria. Moto ukafa. Kisha akaniambia, "Bwana Shamba, wewe hutufundisha kulima mahindi. Leo kaa hapo nikufundishe kupika."

Kwa nini Bibi alikataa maji? Maji huchemka kwa nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia huwa na nyuzi 170 hadi 180. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini. Huko hugeuka mvuke mara moja. Kikombe kimoja cha maji hutoa mvuke wa kujaza vikombe zaidi ya 1,000. Mvuke huo hutafuta njia ya kutoka, na hurusha mafuta juu. Kama mafuta yanawaka, hurusha moto pia. Kijana wangu angemwaga ile ndoo, paa lingeshika.

Kwa hiyo kaanga nje, mbali na nyasi na ukuta. Mafiga yasitikisike. Chora mstari wa majivu kuzunguka moto, hatua tatu kila upande. Mtoto asiuvuke, na kuku pia wafukuzwe. Weka mfuniko karibu na mkono wako kabla ya kuwasha moto.

Mafuta yasizidi nusu ya sufuria. Wapo wanaotaka kumkaanga bata mzima. Hao wapime kwanza kwa maji. Mweke bata katika sufuria tupu, mimina maji mpaka yamfunike, kisha mtoe. Maji yaliyobaki yanaonyesha kiasi cha mafuta. Kama yanapita nusu, sufuria ni ndogo. Baada ya kupima, kausha sufuria kabisa.

Huko Marekani watu hukaanga bata mzinga mzima kwa Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Kila mwaka zimamoto wa huko huwaonya, na bado nyumba huungua. Wengi hutumbukiza bata aliyetoka katika barafu. Barafu ni maji. Nawe ukinunua nyama iliyogandishwa mjini, ngoja iyeyuke yote.

Mimi siku hizi namkata vipande. Navichemsha kwa chumvi na tangawizi mpaka viive, na nyama ya karibu na mfupa isiwe na wekundu. Kisha naviepua na kuvifuta kimoja kimoja kwa kitambaa safi. Hiyo ndiyo kazi kubwa, na wengi huivivia. Mafuta yakipata moto, chovya kijiti kikavu. Kikitoa mapovu madogo madogo, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi, yamezidi. Ondoa kuni, usitie nyama. Teremsha kipande polepole, ukielekeza mkono upande wa mbali nawe. Vikipata rangi ya kahawia, toa.

Mafuta yakishika moto, funika. Ondoa kuni kama unaweza kuzifikia bila kuungua. Usiibebe sufuria inayowaka. Usifunue mpaka ipoe kabisa.

Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hapa maji ndiyo dawa. Vua nguo na bangili, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala udongo. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uende zahanati. Mtoto mdogo, au mtu aliyeungua usoni au mikononi, au mahali panapozidi kiganja chake, asikae nyumbani hata siku moja.

Jambo jingine husahauliwa. Watu wakishakula, sufuria huachwa chini uani. Mafuta hayatoi mvuke kama maji, kwa hiyo huonekana yamepoa. Saa nzima baadaye bado huweza kumbabua mtoto anayecheza akirudi kinyumenyume. Bibi huweka yake juu ya uchaga, huifunika, na kuweka jiwe juu ya mfuniko. Asubuhi huyachuja kwa kitambaa na kuyatia katika chupa.