Muuguzi anavyoweza kumwepusha mgonjwa wa moyo na kitanda cha hospitali

Wagonjwa wengi wa moyo huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na mfuko wa dawa mkononi na maelezo machache waliyopewa kwa haraka. Baada ya majuma kadhaa, baadhi yao hurudishwa wodini wakiwa wamefura miguu na kukosa pumzi. Mara nyingi si dawa zilizoshindwa, bali hakuna aliyeketi na mgonjwa akamfundisha jinsi ya kuishi na ugonjwa wake.

Daktari anaposema kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi, hana maana kuwa umesimama. Maana yake ni kwamba moyo umedhoofika na hausukumi damu ya kutosha, au umekakamaa na haujai damu inavyostahili. Figo nazo, zikipata damu kidogo, huanza kuhifadhi chumvi na maji. Maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Ndiyo sababu mgonjwa huchoka upesi, hukohoa usiku na hushindwa kulala bila kuinuliwa kwa mito.

Huu si ugonjwa wa wazee pekee. Uchunguzi wa wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Wengine huharibika vali za moyo kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, na kuna akina mama ambao moyo wao hudhoofika karibu na wakati wa kujifungua.

Somo lenye faida

Mwaka wa 1995 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyiwa St. Louis, Marekani. Wagonjwa 282 waliokuwa na umri wa miaka 70 au zaidi waligawanywa katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi la kwanza lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayo na zaidi ya hayo likafundishwa na muuguzi, likashauriwa kuhusu chakula, dawa zake zikakaguliwa, kisha likafuatiliwa nyumbani na kwa simu. Katika muda wa siku 90, wagonjwa wa kundi la kwanza walilazwa tena mara 54 kwa sababu ya ugonjwa huo. Wale waliofundishwa walilazwa mara 24 tu.

Muuguzi mwenye ujuzi hasomi orodha ya makatazo kisha akaondoka. Humwomba mgonjwa arudie somo kwa maneno yake mwenyewe: "Mama, hebu nieleze, ukiona miguu imeanza kufura utafanya nini?" Jibu likikosea, somo huanza upya. Ni vyema mtu anayepika nyumbani awepo pia, kwani ndiye anayeshika kijiko cha chumvi.

Mizani na chumvi

Jambo la kwanza ni uzito. Mgonjwa anashauriwa kujipima kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, kisha aandike kipimo daftarini. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, hayo si mafuta. Ni maji, na huenda yakaonekana kwenye mizani kabla pumzi haijaanza kukatika. Huo ndio wakati wa kumpigia simu muuguzi au kwenda kliniki.

Asiye na mizani anaweza kupimwa kliniki au hata na wanaopima watu kando ya barabara, mradi atumie mizani ile ile kila mara. Tena aangalie dalili nyingine. Je, viatu vinabana? Mshipi umekuwa mfupi? Akibonyeza mguu kwa kidole gumba, je, shimo linabaki? Je, aliyelalia mto mmoja sasa anahitaji mitatu?

La pili ni chumvi, kwa sababu huyazuia maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kiasi kisichojaa kijiko kimoja cha chai. Kipimo hicho kinajumlisha ile iliyofichika kwenye mkate, soseji, krispi, samaki wa chumvi na vidonge vya kukoleza mchuzi. Magadi yanayolainisha maharagwe na mboga za kienyeji nayo yana sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayoleta madhara. Chakula kinaweza kutiwa ladha kwa ndimu, dania, tangawizi na kitunguu saumu. Lakini chumvi mbadala zenye potasiamu zisitumiwe bila kumwuliza daktari, kwani zikichanganyika na baadhi ya dawa za moyo zinaweza kuvuruga mapigo yake.

Dawa zisiachwe

Kosa linalowarudisha wengi hospitalini ni kuacha dawa wanapopata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe. Wengine huruka tembe ya kupunguza maji siku ya safari, wakiogopa kutafuta choo njiani. Afadhali kumwuliza muuguzi kama siku hiyo tembe inaweza kumezwa baada ya kufika.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hujinunulia dukani, huzuia maji mwilini na kuchosha figo. Mgonjwa wa moyo asizitumie bila ruhusa ya daktari. Dawa ikileta kikohozi au kizunguzungu, aeleze kliniki badala ya kuiacha kimyakimya. Mwanamke aliye mjamzito au anayepanga kupata mimba aseme mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Kuhusu kiasi cha maji ya kunywa, kila mgonjwa aulize kipimo chake.

Dalili nyingine hazisubiri simu. Anayekosa pumzi hata akiwa ameketi, anayekohoa povu lenye rangi ya waridi, anayeumwa kifua au kuzimia apelekwe hospitalini mara moja.

Ni kweli kwamba foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kutoka wodini: Uzito wangu leo ni kilo ngapi? Kila dawa hii ni ya kazi gani? Nikiona dalili gani nirudi? Nimpigie nani? Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile la uzito, na daftari liletwe kila siku ya kliniki. Dakika 20 za mafunzo hayo zinaweza kuiokolea familia gharama ya kulazwa tena, na huenda zikaokoa maisha.