Punda Naye Ana Rai Yake

Karibu na mji wa Sidmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, yako makao ya punda yaliyotokana na kazi aliyoiasisi Bibi Elisabeth Svendsen mwaka 1969, naye ndiye ambaye juhudi zake zilifungua zahanati ya punda kisiwani Lamu mwaka 1987. Na huko Uingereza watoto wenye ulemavu wa mwili au mashaka ya nafsi hukaribishwa wapate kujifunza utulivu na subira kwa kukaa na mnyama huyu. Zamani watoto hao walipandishwa mgongoni. Siku hizi husimama naye chini, ubavu kwa ubavu, wakamsugua manyoya kwa brashi, na yeye akiwa huru kuondoka apendapo.

Uhuru huo ndio kiini cha maneno yangu. Punda akiogopa hatimui mbio upesi kama farasi, bali aghalabu husimama kama aliyepigiliwa misumari, akificha hofu na maumivu yake, hata asiyemjua akadhani ameridhia, au akamwita mkaidi, tusi ambalo kwa insafu yatupasa kulifuta vinywani mwetu. Basi mwalimu anayewaongoza watoto hao hana budi atazame masikio, macho, mkia na mkao wa mwili. Tena asimtenge na mwenziwe, kwani punda aliyefarakishwa na sahibu yake huweza kuacha kula, mafuta yakamzidi damuni, akafa. Na mtoto aambiwapo angoje mpaka punda mwenyewe asogee, huulizwa: wewe ungekuwa yeye, ungependa uguswe wapi?