Kiwanja Kimoja, Madalali Watano

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikiingia sokoni Same mjini, au kule Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu, tangazo lake huanzia kwenye simu ya dalali mmoja: picha mbili tatu, ukubwa, bei, na maneno "maongezi yapo". Huyo hulirusha kwenye grupu la WhatsApp la madalali. Wenzake hulichukua, hufuta namba yake, huweka zao, kisha hulisambaza kwenye magrupu mengine na kwenye stetasi. Tangu mwaka 2022 grupu moja hubeba hadi watu 1,024. Mteja akipatikana, dalali wa muuzaji na dalali wa mnunuzi hugawana kamisheni. Mlolongo ukirefuka, bei hupandishwa ili kila mkono upate chochote.

Kasoro ya mtindo huu ni kwamba tangazo halina kitambulisho. Kiwanja kilekile huweza kuonekana kwa bei tatu, na kikishauzwa nakala zake huendelea kuzunguka. Marekani, ambako vyama vya madalali vilianza kubadilishana orodha mwishoni mwa karne ya 19, leo hutumia kanzidata za pamoja: mali moja, namba moja; ikiuzwa, hali yake hubadilishwa mahali pamoja.

Picha nazo hupoteza ushahidi njiani. WhatsApp huibana picha ya kawaida na kuiondolea taarifa zilizojificha ndani ya faili, yaani tarehe ilipopigwa na majiranukta ya mahali. Hata hivyo kompyuta inaweza kuzikamata nakala: huipunguza picha hadi vijiraba vichache vya kijivu, hulinganisha mwanga wake na kutoa alama fupi. Alama mbili zikikaribiana sana, huenda picha ni moja, hata kama namba ya simu iliyobandikwa juu imebadilika.

Pini ya ramani husaidia, ila si kipimo. Penye anga wazi simu hukosea mita 5 hivi, robo ya upande wa kiwanja hicho. Kwenye makorongo na miti ya Chome, kule milimani, hukosea zaidi. Tena pini ni nukta moja, wakati mpaka hushikwa na bikoni za pembeni.

Huko milimani, kwenye ardhi ya vijiji, kuna pia sharti la kisheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na idhini hiyo haitolewi na grupu lolote.