Kifua cha baba, fakitire ya lopitali

Tulisema ni vumbi tu ya mukini, nani haijui huku Kolwezi? Baba alikohoa, akashuka tu shimoni. Alipotema damu njo tukakimbia lopitali. Munganga akaona kifua kikuu.

Dawa yake, bandugu, ni ya bure: miezi 6, bila kukosa siku. Lakini kitanda, serumu na picha ya kifua vililipwa. Fakitire ikatushinda, wakakatala kumutoa. Alikuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani, akalala pale posho 2 kama mufungwa, na kila usiku deni likapanda.

Wazee wa Gécamines wanasema kampuni ilitibia mutumikaji, bibi na batoto. Mukrezeri, nani atamutibia? Likelemba ya bamama ikalipa nusu. Kinga ya baba ikauzwa, kisha redio.

Kosa letu ni kungojea damu. Kikohozi kikipita posho 2, pelekeni makohozi yapimwe, hapo hawaombi makuta.

Sasa bado miezi 3. Mama anauza makala mulangoni. Bukari ni mara moja kwa siku, na sahani ya baba inatangulia, kwani vile vidonge juu ya tumbo tupu vinamutapisha.